Seti ya kukusanyia kupe: kitambaa cha kuaminika, kalamu ya kutupa

Nimeitumia seti hii masika mawili na kiangazi cha katikati, mara mbili kwa wiki. Ndani ya begi kuna kitambaa cheupe cha flaneli, mita moja kwa moja, fimbo ya vipande viwili, kamba, vibano viwili, lenzi, vichupa 50 vya spiriti na kalamu ya wino. Mimi nasomea magonjwa yanayoenezwa na kupe: yako wapi, kwa nini bonde hili na si lile la pili, kwa nini mwezi huu.

Nianze na kitambaa, maana ndicho roho ya seti. Unakiburuta polepole juu ya nyasi, kila baada ya mita 10 unasimama, unakigeuza, unahesabu. Kupe anayevizia hupanda ncha ya jani, hujishikiza kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, yenye kiungo cha kuhisi pumzi, joto na harufu ya mnyama. Flaneli ikimpitia, anaing'ang'ania akidhani ni mnyama. Manyoya ya kitambaa hiki yanatosha kumshika wala hayamfichi. Vitambaa nilivyotumia zamani vilishindwa hapo. Nimekifua mara nyingi na bado ni cheupe.

Asubuhi moja nilikigeuza nikaona pembeni kama pilipili manga iliyosagwa. Nikasogeza lenzi: kila chembe ina miguu sita, na inatembea. Walikuwa lava, yaani kupe wachanga waliotoka tu kwenye mayai, mamia kwa mamia, wa rundo moja. Nimfu, yaani hatua inayofuata lava, na kupe waliokomaa wana miguu minane, na lenzi hii inakuonyesha tofauti hiyo bila shida. Kuhesabu miguu kuna maana kubwa. Kimelea cha ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, kiitwacho Theileria parva, hakipiti kwenye yai. Lava au nimfu hukipata akinyonya ng'ombe au nyati mwenye nacho, kisha hukiambukiza akiwa hatua inayofuata, kwa mnyama mwingine. Kwa hiyo lava wale mia kadhaa hawakuwa tishio la ndigana siku ile, ila nimfu wanne niliowakuta mita 30 mbele huenda walikuwa. Ukijumlisha wote ukaandika "kupe wengi", hujasema kitu. (Kwa lava wengi kibano hakifai, wainue kwa utepe wa gundi. Seti haina utepe.)

Kitambaa kikiloa hakishiki kupe, kwa hiyo ngoja umande ukauke. Fimbo inalegea kwenye kiungo. Nimeifunga kwa mpira, basi.

Muuzaji anadai seti inafaa kwa kupe wa kila aina. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Flaneli hukamata wanaovizia juu ya majani. Kupe waliokomaa wa jenasi ya Hyalomma, wanaoeneza homa ya Crimea na Kongo, humkimbilia mnyama kwa miguu yao. Hao nawavuta kwa barafu kavu, ambayo hutoa kaboni dioksidi kama pumzi. Papasi, ambao nao ni aina ya kupe, ndio hawagusiki kabisa: hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya upesi na kurudi mafichoni. Mwanafunzi atakayetegemea flaneli peke yake atachora ramani ya homa ya papasi yenye weupe mahali ambapo watu wanaugua. Dai lile liondolewe.

Sasa kalamu. Nilijaza vichupa 31 kwa siku moja, nikaandika lebo zote kwa kalamu ya seti: mstari wa ngapi wa kuburuta kitambaa, aina ya uoto, saa, vipimo vya GPS. Nikazitia ndani pamoja na kupe, kama inavyotakiwa. Kesho yake spiriti ilikuwa ya samawati na karatasi zilikuwa tupu. Kupe hawakuwa wameharibika, walitambulika hadi spishi, lakini sikujua tena nani alitoka kichakani na nani alitoka malishoni. Yevgeny Pavlovsky, mwanasayansi wa Kisovieti, alieleza tangu miaka ya 1930 kwamba ugonjwa kama huu una makao yake ya asili: kimelea, kupe, mnyama anayewalisha, na mandhari inayowaweka pamoja. Mimi nilibaki na kupe tu. Nililia, sioni haya kusema. Nilipomwandikia muuzaji alinitumia kalamu nyingine, ileile.

Tumia penseli kwenye karatasi nene, spiriti haiifuti. Na kitambaa kikirudi kitupu, andika sifuri yake na mahali pake kwa uangalifu uleule. Bila sifuri huwezi kujua kama kupe hawapo au wewe hukufika.

Vifuniko vya vichupa ni vya skrubu na havijawahi kuvuja, hata kimoja. Kwa kitambaa, lenzi na vichupa naipa nyota nne, na ningenunua tena.

Wiki iliyofuata ile ya lebo kufutika nilirudi kwenye mistari yote 12. Ng'ombe walikuwa wamepita, nyasi zimeliwa hadi chini, jua likipiga udongo. Mistari tisa kitambaa kilirudi kitupu. Niliandika sifuri tisa, kwa penseli.