Karakana ya kuchonga injini Gerezani: krenki safi, silinda ya tatu ilirudiwa

Karakana ninayoizungumzia ipo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye vichochoro ambako maduka ya spea na mashine za kuchonga vyuma vimebanana, nami niliipelekea injini ya petroli ya Land Rover Series III, ile ya silinda nne yenye cc 2,286. Jina la karakana silitaji kwa sababu kosa walilolifanya walilirekebisha, lakini mwenye gari la zamani anapaswa kulijua kosa lenyewe kabla hajapeleka bloku yake, yaani mwili wa injini wenye silinda, kokote.

Kazi niliyowapa ilikuwa kupanua silinda kutoka kipimo cha kiwandani cha milimita 90.47 kwa ziada ya 0.50, kusaga krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa 0.25 na kusawazisha uso wa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Pistoni nilizinunua kwanza nikawakabidhi, kwa kuwa silinda huchongwa kufuata pistoni iliyopo mezani, wala si namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Bloku iliporudi, niliipima kila silinda kwa geji ya kupimia kipenyo, juu, katikati na chini, kwa upana na kwa urefu wa injini. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa sawa kabisa. Ya tatu ilikuwa imepanuka chini kwa 0.06 zaidi ya juu, na kwa injini ambayo nafasi kati ya pistoni na ukuta huhesabiwa kwa sehemu chache tu za mia za milimita, hilo si jambo dogo: pistoni itagonga kuta, oili itapanda, na moshi wa bluu utaonekana mapema. Asiye na geji ya silinda anaweza kuligundua kosa hili kwa ringi mpya ya pistoni na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ringi isukumwe kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pengo kati ya ncha zake lipimwe juu, kisha chini. Katika silinda yangu pengo liliongezeka kwa karibu 0.19, kwa sababu kila ongezeko la kipenyo huonekana kwenye pengo mara tatu na zaidi kidogo.

Fundi wa mashine alidai kwamba bloku ilikuwa imepigwa na jua nilipoipima. Hoja hiyo haikutosha, kwa kuwa silinda ya ukubwa huu ikipanda joto kwa nyuzi 10 hupanuka kwa takriban 0.01 tu, na isingekuwa silinda moja pekee, tena upande wa chini tu. Hata hivyo niliona ni haki bloku ilale ndani ya karakana na tuipime pamoja asubuhi, kwa geji yao. Matokeo yalikuwa yale yale, na mzee mwenye karakana akasema mbele ya vijana wake, "Hapa tumekosea sisi, mwanangu. Lete pistoni za 0.75 tuchonge zote nne, ufundi ni juu yangu."

Nilimshukuru lakini sikukubali. Ziada ya pistoni inayopatikana kwa kawaida kwa injini hii huishia milimita 1.00, na kupoteza hatua nzima katika silinda tatu ambazo hazina kasoro ni kuifupishia bloku maisha. Nilimwomba aitie silinda ya tatu slivu, yaani bomba jembamba la chuma linalopachikwa ndani yake, kisha aichonge kufuata pistoni ileile. Alikubali, gharama zote akabeba yeye, na safari hii kipimo cha juu na cha chini vililingana.

Krenki, kwa upande wake, ni kazi ya kusifiwa. Kingo za matundu ya oili zililainishwa zisije zikakwaruza beringi, mviringo wa kwenye pembe za shingo (sehemu za krenki zinazozunguka ndani ya beringi) uliachwa kama inavyotakiwa, na uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ulibanwa kwa upana ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Usafi ndio uliokosekana: njia za oili za bloku zilikuwa na chenga za chuma, ikanilazimu kufungua plagi zote, kupitisha brashi na mafuta ya taa, kisha kupuliza kwa hewa. Kwa unyevu huu wa pwani, kuta zilizotoka kuchongwa zipakwe oili hapohapo karakanani, nao hawakufanya hivyo.

Bei yao ni ya kawaida kwa eneo hilo, na kwa krenki nitarudi kwao bila wasiwasi. Kwa silinda nitarudi endapo wataanza kuandika kwenye risiti vipimo vya kila silinda, juu na chini, badala ya maneno "kazi ya bloku" waliyoniandikia, na endapo watakubali mteja avisome akiwa na geji mkononi kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya malipo.