Simu ya alfajiri inayosema shule imefungwa: uzoefu wangu kandokando ya mji wa Buffalo, Marekani

Natoa nyota 4 kati ya 5 kwa huduma ya simu na ujumbe ambayo wilaya yetu ya shule (yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo letu) hutumia kuwajulisha wazazi kama shule zimefungwa. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza. Ila mzazi mwenzangu, kama watoto wako wanasoma shule za umma huku na hujajiandikisha, jiandikishe wiki hii kabla theluji haijaanza.

Tulifika jimbo la New York tukitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kule shule ilijulikana kwa masikio: rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini inagongwa, watoto wanakimbia. Inyeshe mvua, litimke vumbi, rimu italia. Kwa hiyo baridi yetu ya kwanza hapa halikunijia hata kidogo wazo la kuuliza kama kuna shule. Leo ni Jumanne, basi shule ipo.

Asubuhi moja ya Februari nikawavalisha makoti na buti, tukasimama kwenye kona linapopita basi la njano. Zikapita dakika 10, zikapita 20. Mdogo alikuwa amejifunga skafu mpaka puani, na pumzi yake ilikuwa imeganda kwenye ile sufu, punje nyeupe kama chumvi ya mawe. Alikuwa ameacha kulia, na huko kunyamaza ndiko kulikonitia hofu. Gari la kusukuma theluji likasimama, dereva akashusha kioo, akatuonyesha kwa mkono: nyumbani, rudini nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya baridi kali. Tangazo lilishatoka alfajiri, na simu ilishapigwa, ila ilipigwa kwenye namba ya zamani, laini tuliyoiacha miezi 4 kabla. Shuleni hakuna aliyejua kwamba tumebadilisha namba, kwa sababu hatukuwaambia.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa karani wa shule. Nilidhani ni jambo la siku nzima, kumbe ni dakika 15. Karani alipiga simu kwa mkalimani, akaiweka spika, tukazungumza watu watatu. Nilimpa namba yangu, ya mume wangu na ya mama jirani anayenishikia watoto. Mfumo unakubali namba zaidi ya moja, na hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote, maana mimi huingia kazini saa 12 asubuhi na simu yangu hukaa kwenye kabati. Kisha akaniuliza lugha. Kiswahili kipo kwenye orodha. Kama huoni Kiswahili kwenye fomu ya shule yako, omba. Huombi fadhila: chini ya Sheria ya Haki za Raia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inapaswa kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza kwa lugha anayoielewa, na ukalimani haulipiwi na mzazi.

Tangu siku hiyo simu haijawahi kunikosa. Mara nyingi inalia kati ya saa 11 na saa 11 na nusu alfajiri. Ni sauti iliyorekodiwa, sekunde chache tu, na ujumbe wa maandishi unafuata nyuma yake. Uamuzi huwa wa mkuu wa wilaya ya shule, baada ya kuulizana na watu wa barabara na wa mabasi usiku ule. Akiona tangu jana yake kwamba dhoruba haikwepeki, tangazo linatoka jioni, na hapo napata usiku mzima wa kupanga nani atakaa na watoto. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, tofauti ya jioni na alfajiri ni kubwa mno.

Sasa nyota iliyobaki.

Ujumbe wa Kiswahili hutafsiriwa na mashine. Mwezi Machi, nikiwa kazini nasukuma toroli la usafi, nilipumzika nikafungua kabati nikasoma: wanafunzi watafukuzwa mapema leo saa 11:30. Watafukuzwa! Nilidhani mwanangu mkubwa amepigana. Mikono ilinitetemeka nikimwomba msimamizi ruhusa ya kupiga simu. Maana yake ilikuwa kwamba watoto wataruhusiwa kurudi nyumbani mapema kwa sababu theluji inakuja. Na ile saa? Kwetu saa 11 na nusu ni jioni, jua linaelekea kuzama. Nikatulia, nikajiambia nina muda wa kutosha. Kumbe ni saa 5 na nusu mchana kwa saa zetu. Saa 6 na robo mama jirani akanipigia: wanao wako kwenye ngazi, wamekaa juu ya mabegi. Aliwaingiza kwake akawapa chai. Kama si yeye, sijui.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jambo hili lishikeni sana. Saa inayoandikwa kwenye ujumbe ni saa ya Kizungu hata kama maneno yote ni ya Kiswahili. Wakisema shule itaanza saa 10:00 asubuhi, ni saa 4. Ipo aina ya tangazo ya kuchelewa kwa muda wa saa 2: shule haijafungwa, inaanza saa 2 baadaye, na basi nalo linapita saa 2 baadaye kuliko kawaida. Wazazi wengi wapya hulisikia neno kuchelewa wakadhani wao ndio wamechelewa, wakawakimbiza watoto barabarani. Siku nyingine ujumbe husema masomo yatafanyika kwa kompyuta nyumbani. Jimbo linataka siku 180 za masomo kwa mwaka, na masomo ya kompyuta yanahesabiwa humo, kwa hiyo siku hiyo mtoto asiachwe alale.

Njia nyingine nimezijaribu pia. Kundi letu la WhatsApp la Waswahili lina upendo mwingi, lakini mtu hutuma picha ya tangazo la juzi, au la wilaya nyingine, na mpaka asahihishwe watoto wameshavua sare. Tovuti ya wilaya ni sahihi ila lazima ukumbuke kuifungua. Televisheni hupitisha majina chini ya kioo kwa kufuata alfabeti, na ukipitwa na herufi yako unasubiri mzunguko mzima.

Hayo majina yenyewe yasomeni mpaka mwisho. Mji wa Cheektowaga peke yake una Cheektowaga Central, Cheektowaga-Sloan, Maryvale na Cleveland Hill, kila moja wilaya yake na uamuzi wake. Ukiona neno Cheektowaga ukazima runinga, huenda umesoma habari za watoto wa mwenzio. Na theluji ya huku haiangukii wote sawa. Upepo wa baridi ukipita juu ya Ziwa Erie wakati maji bado yana joto, huchota unyevu na kuumwaga katika ukanda mwembamba, popote upepo unapoelekea. Novemba 2022 Orchard Park, kusini mwa Buffalo, ilizikwa chini ya theluji ya karibu mita 2, ilhali vitongoji vya kaskazini vilipata kidogo tu. Jua lililo dirishani kwako halikuambii lolote kuhusu shule iliyo kilomita 15 kutoka hapo.

Baada ya siku ile ya ngazi nilirudi kwa karani na simu yangu mkononi. Kwa msaada wa mkalimani nilimweleza neno kufukuzwa lina uzito gani kwa mzazi wa Kiswahili, na nikamchorea saa mbili kwenye karatasi, ya kwao na ya kwetu. Alinisikiliza, akaipiga picha ile karatasi akaituma wilayani. Msimu uliopita ujumbe ulikuja hivi: wanafunzi wataruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Saa bado wanaandika 11:30. Siku watakapoongeza neno mchana mbele yake, nitarudi hapa niweke nyota ya tano.