Dadu au kihesabu cha Geiger (kifaa cha kupimia mionzi) kwa somo la mionzi?

Kwa nusu-maisha (muda ambao nusu ya atomi zenye mionzi huoza), dadu zinashinda. Wanafunzi warushe dadu 100, waondoe kila iliyoonyesha sita (ndiyo atomi iliyooza), wahesabu zilizobaki, warudie. Baada ya mirusho 4 hivi hubaki nusu. Zikipungua chini ya 10 grafu ya zilizobaki huyumbayumba. Msiifute, hiyo ndiyo bahati nasibu yenyewe. Gharama ni kidogo, na dadu moja ikipotea somo halikwami.

Ila dadu hazitoi mionzi. Geiger hulia hata meza ikiwa tupu: pimeni mionzi ya mazingira dakika 10, muitoe kwenye kila kipimo. Kloridi ya potasiamu yatosha kuwa chanzo hafifu. Kidirisha chembamba cha maika (aina ya madini) kwenye mrija wa Geiger kikiguswa na kalamu hupasuka, na mrija ndiyo basi tena.

Darasa la 60 bila maabara, dadu. Kikundi kidogo chenye msimamizi makini, Geiger.