TAHADHARI: Flashi ya "modi zote za Skyrim" inaiba akaunti za Steam

Wadau wa gemu, hasa nyie mnaoanza kuweka modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) kwenye gemu ya Skyrim, kuna mtu hapa Dar anauza flashi kwa Sh35,000. Tangazo lake linasema "modi 500, bofya mara moja, picha kama sinema." Msinunue! Mimi nilinunua, na akaunti yangu ya Steam (duka la gemu la mtandaoni) niliyoijaza gemu kwa miaka sita ilichukuliwa usiku uleule.

Kilichoniponza ni bando. Pakeji kubwa za modi hupita GB 100, na ni wangapi kati yetu wenye bando la kupakua mzigo huo? Jamaa analijua hilo. Anakuletea kwa bodaboda, ila pesa unatuma kwanza.

Ndani ya flashi mlikuwa na faili moja kubwa la .exe, na jingine dogo la maelezo: "Zima antivairasi kwanza, huwa inasumbua modi." Nikazima. Nilipobofya, dirisha jeusi likamulika kama sekunde moja likapotea, kisha gemu ikafunguka, theluji inameremeta milimani, nikafurahi kweli. Saa tisa usiku simu ikalia: barua pepe ya akaunti yangu ya Steam imebadilishwa. Steam Guard, ulinzi wa Steam unaoomba namba za uthibitisho unapoingia, ilikuwepo na haikunisaidia. Programu za namna hii hazihangaiki kubahatisha nywila. Zinanyakua kibali cha kuingia ambacho kompyuta yako imeshakihifadhi. Na kwa kuwa barua pepe yangu nayo ilikuwa wazi kwenye kivinjari, hata namba za uthibitisho walizisoma wao.

Nawaomba mlijue hili kabla hamjatoa hata shilingi: modi karibu zote za Skyrim ni bure. Ziko Nexus Mods, tovuti ya kupakulia modi, kujiandikisha ni bure, kasi ya kupakua tu ndiyo ndogo usipolipia. SKSE, programu ambayo modi nyingi huihitaji ili zifanye kazi, ni bure; Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, nayo ni bure. Mwaka 2015 Valve (wenye Steam) na Bethesda (waliotengeneza Skyrim) wenyewe walijaribu kuuza modi kupitia Steam, wachezaji wakaja juu, mpango ukaondolewa ndani ya siku chache. Zipo za kulipia zinazouzwa na Bethesda, lakini hizo unazinunua ukiwa ndani ya gemu. Na wengi wa wanaotengeneza modi hawaruhusu kabisa mtu mwingine auze kazi yao, kwa hiyo hata flashi ambayo haina kirusi ni wizi.

Modi ya kawaida huja kama .7z au .zip, ndani mna faili za .esp (data za modi yenyewe), picha na sauti. SKSE kweli ina .exe yake, nawaambia hili msije mkaogopa kitu halali, ila ichukue kwa wenyewe, na toleo lake lilingane na toleo la gemu yako. Anza na SKSE, halafu SkyUI, modi inayoboresha menyu za gemu. SkyUI ni MB chache tu, hata bando la siku linatosha. Iwashe gemu, hakikisha inakwenda, ndipo uongeze nyingine. Mod Organizer 2 haichanganyi modi na faili za gemu, kwa hiyo ukiharibu unazima ile moja tu.

Kama flashi hiyo umeshaichomeka na kubofya: zima Wi-Fi ya kompyuta sasa hivi. Chukua simu, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, ndipo ya Steam, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako. Windows isakinishe upya, kusafisha kwa antivairasi peke yake mimi sikuamini. Tafuta risiti za gemu ulizonunua, Steam wanazihitaji ili wakurudishie akaunti. Mimi nilizipata mbili na bado nasubiri jibu.

Jamaa ameshanifungia namba na tangazo lake amelirudisha kwa jina jingine, lakini bei ni ileile na picha ya joka jekundu ni ileile.