Kaka yangu kapandikizwa mapafu mara ya pili hapa Toronto, huduma nilivyoiona

Nimechelewa kuandika hii sababu kila nikianza machozi yananitoka. Kaka alikaa na mapafu yake ya kwanza ya kupandikizwa miaka 5, anapiga kazi vizuri kabisa, halafu pumzi ikaanza kukata kidogo kidogo. Kile kipimo cha kupuliza nyumbani namba zikashuka zaidi ya asilimia 20 na hazipandi tena, zahanati tuliyoanzia (siitaji) wakampa dawa za kifua wakamrudisha nyumbani mara mbili, zile wiki zinaniuma mpaka leo. Kumbe mwili ulikuwa unayakataa mapafu pole pole, vinjia vya hewa vinaota makovu vinaziba.

Timu ya upandikizaji nawapa nyota zote 5. Ujuzi wao sikuwa na wasiwasi nao, mji huu ndo 1983 mtu alipandikizwa pafu moja akaishi nalo miaka, ila kilichonigusa ni kwamba hawakutuficha kitu. Daktari kavuta kiti kakaa, katwambia mapafu ya pili kwa kawaida hayadumu kama ya kwanza, ya kwanza nusu ya wagonjwa wanavuka miaka 6, ya pili ni kama miaka 3 tu, na kufungua kifua kilichoshapasuliwa ni shughuli nzito maana pafu la zamani linakuwa limegandana na ukuta wa kifua, damu inatoka nyingi, na figo nazo zishachoshwa na takrolimasi, ile dawa ya kuzuia mwili usiyakatae mapafu. Akasema afadhali shida ya kaka ni ya njia za hewa kuziba, wale ambao mapafu yanakakamaa hali yao huwa mbaya zaidi. Kaka kauliza swali moja tu, nitatembea mwenyewe?

Kusubiri jamani. Damu yake ilishatengeneza kinga za kushambulia viungo vya watu wengi kwa hiyo kumpata mchangiaji anayeendana naye ilikuwa ngumu, tuliitwa usiku tukarudishwa, mapafu hayakufaa. Huku mazoezi hayasimami, anatembea kwenye mashine na oksijeni puani na yule dada wa mazoezi anamshika mkono kama ndugu yake.

Upasuaji bima ya serikali ililipa, ila kodi ya nyumba ya karibu na hospitali tulitoa mfukoni, hiyo jipangeni mapema sana, na lazima awepo mtu wa kukaa naye usiku na mchana.

Sasa ni mwezi wa nane tangu apandikizwe. Juzi kapanda ngazi za stesheni bila mtungi, kafika juu bado anaongea.