Seti ya masaji ya limfu ya nyumbani: brashi poa, kikombe sio lazima, matone hapana

Haya, wale mnaoniuliza kuhusu ile seti ya masaji ya limfu iliyojaa Instagram na TikTok, ile ya "tumbo flati ukiwa nyumbani", nimeitumia ya kutosha sasa naweza kuongea. Mimi shida yangu sio kitambi jamani, ni tumbo kujaa, naamka asubuhi liko vizuri ikifika jioni gauni lile lile zipu inagoma, wenye matumbo haya mnanielewa.

Seti ina vitu vitatu, brashi kavu yenye mpini, kikombe cha mbao cha kusugulia tumbo na kichupa cha matone ya kunywa. 65,000 na boda 5,000 mpaka Tabata. Imefungwa vizuri, kikombe kimelainishwa hakina vibanzi, hapo muuzaji sina neno nae.

Neno liko kwenye karatasi ya maelekezo. Imeandikwa bonyeza kwa nguvu mpaka ngozi iwe nyekundu maana ndo sumu zinatoka. Sumu gani? Wekundu ni damu imekuja juu kwa sababu umejisugua basi. Limfu ni yale maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kubaki kwenye nyama, mwili unayakusanya kwa vimishipa vyembamba, unayachuja kwenye tezi (zile zinazovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni, mtoki), kisha yanarudi kwenye damu hapa karibu na mtulinga. Hayana moyo wa kuyasukuma, yanategemea vimishipa vyenyewe kujikaza, misuli ukitembea na pumzi ukivuta. Na vile vya kwenye ngozi viko juu juu kabisa, kwa hiyo masaji ya limfu yenyewe ni mkono mwepesi mno, kama unampaka mtoto mchanga mafuta, unavuta ngozi tu taratibu. Walioianzisha ni Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid, wakiwa Ufaransa miaka ya 1930, na mpaka leo mahospitalini inatumika kwa watu waliovimba kweli, mfano mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani kwa ajili ya kansa ya titi mkono ukajaa. Sisi wa pwani limfu ikigoma tunaijua, si ndo matende hayo, minyoo ya mbu inaharibu vimishipa mguu unajaa maji. Sasa hiyo na tumbo lililoumuka baada ya maharage na soda ni vitu viwili tofauti kabisa, tumbo langu mimi ni gesi na choo kigumu, na nadhani wengi wetu ndo hivyo hivyo.

Ila sasa msinielewe vibaya, kitu kimenisaidia, sema sio kwa ile sababu wanayoiuza. Navyofanya mimi nalala chali magoti juu, naanza na pumzi ndefu za tumboni kama kumi hivi taratibu, halafu nashika mafuta ya nazi nachua tumbo kufuata utumbo mpana ulivyokaa: naanzia chini kulia, napanda mpaka chini ya mbavu, nakatiza kwenda kushoto, nashuka. Sio kinyume!! Kwenye karatasi yao mshale unazunguka kinyume, yaani unarudisha mzigo ulikotoka. Hapa unaweza kubonyeza kidogo maana unachua utumbo sio limfu, hivyo vitu viwili wao wamevichanganya kwenye karatasi moja. Dakika kumi tu, gesi inaanza kutembea (fanya ukiwa peke yako ndugu yangu) na choo asubuhi hakisumbui. Nikiongeza kutembea kidogo baada ya chakula cha usiku ndo inakuwa safi zaidi. Kiuno kwenye futi ya fundi kiko pale pale, tusidanganyane, mafuta hayatoki kwa kusuguliwa.

Kikombe cha mbao nakiona hakina kazi ambayo kiganja hakiwezi, tena kwa mtu mwembamba kinaumiza mbavuni. Brashi nimeipenda kwa ajili ya ngozi, miguu imekuwa laini, ila dodoki kavu la sokoni linafanya kazi ile ile kwa bei ya karanga.

Matone sasa. Nimesoma kichupa kwa yale maandishi ya sisimizi nikakuta senna, yaani sanamaki hiyo hiyo ya bibi zetu. Ndo maana watu wanaandika "nimepungua siku ya kwanza", mama umeharisha! Sanamaki mara moja moja ukikosa choo sawa, lakini kunywa kila siku kwa mwezi mzima kama walivyoandika unapoteza maji na chumvi za mwili na msokoto wa tumbo juu. Yangu nimemwaga.

Mjamzito usichue tumbo wala usinywe hayo matone. Mguu mmoja ukivimba ghafla na unauma usisugue, inaweza kuwa damu imeganda, nenda hospitali. Wenye shida ya moyo au mko kwenye matibabu ya kansa ongeeni na daktari kwanza. Na tumbo likikaa limejaa wiki na wiki bila kushuka, hasa mama aliyeshakoma hedhi, au unaona damu chooni, au unakonda hujui kwanini, acha hizi video kapime.

Nyota nampa mbili kati ya tano, zote za brashi na ufungaji. Nimemwandikia muuzaji kuhusu ule mshale akanijibu "asante kipenzi, oda mpya inaingia Ijumaa" 😂 Kikombe kipo, hakijachakaa, anaekitaka Tabata aje achukue bure.