Kompresa tatu, msimamizi mmoja: kontrola ipi ununue kwa kiwanda cha Arusha au Moshi

Kabla hujaomba bei kwa mtu yeyote, ingia chumba cha kompresa usome hesabu mbili za saa kwenye kioo cha kila mashine: saa ilizowaka na saa ilizojaza upepo. Ukikuta 10,000 kwa 5,500, basi kwa saa 4,500 mota ilizunguka tupu. Kompresa ya skrubu ikizunguka tupu bado hula kama theluthi moja ya umeme wake. Ya kilowati 37 hapo imekula uniti zaidi ya 50,000 bila kazi. Usinunue mashine ya nne. Nunua kontrola.

Chaguo langu la kwanza ni kontrola kuu inayopokea kompresa za chapa yoyote. Sensa moja hufungwa kwenye bomba kuu baada ya tangi, na kontrola huamua ipi iwake na ipi izime. Viwanda vingi vimepanga swichi za presha kwa ngazi, kila mashine na kiwango chake, hivyo presha hupanda na kushuka hata kwa baa 1.5 (baa ni kipimo cha presha). Kontrola nzuri huishika ndani ya baa 0.2 au 0.3, nawe unaweza kushusha presha ya kiwanda kizima. Kila baa moja unayoshusha hupunguza umeme kwa takriban asilimia 7. Wakoboaji kahawa wa Moshi watanielewa haraka: mashine ya kuchagua kwa rangi hupuliza punje mbaya kwa vali ndogo sana, na presha ikiyumba, punje nyeusi hupita pamoja na nzuri.

Muulize muuzaji mawili. Umeme ukirudi, inawasha moja moja? Na kontrola ikifa usiku, kila kompresa inarudi kwenye swichi yake yenyewe? Akisitasita kwenye la pili, ondoka.

La pili ni kontrola iliyomo ndani ya kompresa zenyewe, unaziunganisha kwa waya tu. Ni rahisi, na kama zako zote ni za chapa moja na si za zamani, anza na hii. Ila ile kuukuu ya chapa nyingine pale kwenye kona itabaki nje.

La tatu, PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine, ya kutengenezewa na fundi wa hapa. Nimeona kiwanda kikirudi kuwasha kwa mkono kwa sababu fundi aliondoka na nywila. Dai programu na mchoro kabla hujamaliza kulipa.

Swichi za ngazi naziweka mwisho. Kwa kompresa mbili ndogo za pistoni zinatosha.

Ukitaka kompresa yenye inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, moja inatosha: ichukue mabadiliko, nyingine zifanye kazi kamili au zizime. Pia katalogi huandikwa kwa usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo utapata upepo pungufu kwa karibu asilimia 15. Moshi, kama 10. Pigia hesabu hiyo.

Na kontrola haizibi matundu. Tundu la milimita 3 kwenye baa 7 hula kama kilowati 4 mchana na usiku. Jumapili kiwanda kikiwa kimya, washa kompresa moja, fungua vali za mabomba yote upepo ufike kila mahali, bila mashine kuutumia, kisha shika saa: dakika zote inazojaza ni za matundu. Zibeni hayo kwanza, ndipo muuzaji aje kupima.